Edward Frankland: mtoto wa mtumishi aliyepima pumzi ya mito

Wiki hii nakuomba tusafiri pamoja hadi Uingereza ya karne ya 19. Safari yenyewe, hata hivyo, inaanzia hapa hapa Bujumbura, kwenye ukingo wa mto Ntahangwa.

Mwaka 2005, miezi michache baada ya kurudi kutoka Kigoma nilikokulia ukimbizini, nilipata kibarua cha kubeba chupa. Fundi mmoja wa maabara, mzee mpole aliyevaa koti hata jua likiwa kali, alikuwa akipima maji ya mito ya mji wetu na alihitaji kijana wa kuteremka nazo mtoni. Chupa zenyewe ni za kioo, na kizibo chake ni cha kioo pia. Masharti yalikuwa makali: nijaze mpaka maji yamwagike, kisha nizibe bila kuacha hata povu moja la hewa ndani. Mzee alifungua, akatia dawa mbili kwa mrija mwembamba, akaziba tena, akaitikisa.

Chupa ya kwanza tuliichota juu, mto unakoingia mjini kutoka milimani. Ndani yake yalijitokeza mashapo ya kahawia, kama machicha ya kahawa. Ya pili tuliichota chini, mahali ambapo mfereji mmoja wa maji machafu unamwagika. Mashapo yakatoka meupe kama uji wa muhogo. Mimi nilifurahi, nikadhani nyeupe ndiyo safi. Mzee alitikisa kichwa. Akanieleza kuwa kahawia ni dalili kwamba maji yana hewa ya oksijeni, na nyeupe ni dalili kwamba hewa hiyo imekwisha. Samaki akiingia hapo atakufa kwa kukosa pumzi, sawa na mtu aliyefungiwa ndani ya sanduku.

Nilimwuliza ni nani aliyefikiria jambo hili kwanza. Alinitajia majina mawili. Winkler, alisema, ndiye mwenye dawa. Frankland ndiye mwenye swali. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifuatilia jina hilo la pili kila nilipopata kitabu, na leo nawaletea niliyoyapata.

Edward Frankland alizaliwa Januari 18, 1825, karibu na mji mdogo wa Garstang, mkoa wa Lancashire, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Mama yake, Margaret, alikuwa mtumishi wa ndani. Baba yake alikuwa kijana wa familia ile ile aliyoitumikia mama, familia yenye heshima na mali. Hakumwoa. Mama alipewa fedha kila mwaka kwa sharti moja tu, nalo ni kwamba jina la baba lisitajwe. Mtoto akachukua ubini wa mama, na siri hiyo ikamfuata mpaka uzeeni. Wenzangu tuliorudi nyumbani na karatasi zisizokamilika, tukaulizwa katika kila ofisi baba yako ni nani na shamba lenu liko wapi, tunaweza kukisia alivyoishi.

Kwa kuwa hakuwa na baba wa kumlipia masomo ya udaktari, mwaka 1840 alipelekwa kujifunza kazi kwa muuza dawa mjini Lancaster. Alikaa huko karibu miaka sita, akitwanga na kusaga na kubeba mizigo, na baadaye aliihesabu miaka hiyo kuwa ilipotea bure. Bahati yake ni kwamba madaktari fulani wa mji ule waliwapa vijana kama yeye chumba na vitabu, wakawa wanafanya majaribio ya kemia baada ya kazi. Mwaka 1845 aliingia maabara moja ya London. Mwaka 1849 alikuwa amekwisha pata shahada ya udaktari wa falsafa katika mji wa Marburg, Ujerumani, chini ya mwalimu mashuhuri Robert Bunsen.

Mambo aliyoyafanya katika kemia tupu yangetosha kumpa jina. Alitengeneza michanganyiko ya zinki ambayo inawaka moto yenyewe ikigusana na hewa. Mwaka 1852 alionyesha kuwa kila elementi ina idadi yake ya mikono ya kushikana na nyingine, fundisho ambalo mwanafunzi wa sekondari hukutana nalo hadi leo. Hayo nayapita haraka, maana si yaliyonivuta kwake.

Kilichonivuta ni maji. Mwaka 1851 alihamia Manchester kuwa profesa wa kwanza wa kemia wa chuo kipya cha Owens. Manchester ya siku zile ilikuwa mji wa viwanda vya nguo, na mto wake, Irwell, ulipokea rangi za viwanda pamoja na choo cha mji mzima. Uingereza yote ilikuwa na mito ya namna hiyo. Tume moja ya serikali iliyochunguza mito ya kaskazini katika miaka ya 1860 ilichapisha nakala ya barua fupi iliyoandikwa mjini Wakefield kwa maji ya mto Calder badala ya wino. Maandishi yalisomeka bila taabu.

Mtu huyu alipenda kupima kila kitu, hata mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1859 alipanda mlima Mont Blanc, ulio mrefu kuliko yote ya Alps, pamoja na rafiki yake John Tyndall, wakalala kileleni. Huko juu kwenye hewa nyepesi aliwasha mishumaa, akapima ni kiasi gani kimeungua, kisha akalinganisha na mishumaa ya bondeni. Mshumaa wa kileleni uliungua kwa kasi karibu ile ile lakini mwanga wake ulikuwa hafifu. Mtu anayekesha kwenye barafu kwa ajili ya mshumaa, basi hata mto hautamwacha salama.

Mwaka 1865 alikabidhiwa kazi ya kupima maji ya kunywa ya jiji la London na kutoa taarifa kila mwezi. Hakuwa amekaa sana kwenye kazi hiyo pale, mwaka 1866, kipindupindu kilipoingia mashariki mwa jiji, mitaa ya makuli na mafundi. Zaidi ya watu 5,000 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kuwa kampuni iliyowauzia maji ilikuwa imetoa maji ya mabwawa ya wazi kandokando ya mto Lea, maji yasiyochujwa. Baadhi ya wateja walikuta mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, ndani ya mabomba yao.

Jambo hilo lilimkaa. Kipimo cha kemia cha siku zile hakikuweza kumwona mdudu wa ugonjwa. Kiliweza tu kusema kuna chumvi hii na ile. Kwa hiyo Frankland alianza kutafuta alama za maji yaliyowahi kuguswa na kinyesi, hata kama kwa macho yanang'aa. Alipima naitrojeni na kaboni, akawa anatangaza kila mwezi ni kampuni gani inauza maji yenye historia mbaya. Unaweza kufikiria makampuni yalivyompenda.

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Mwaka 1868 iliundwa tume mpya ya kuchunguza uchafuzi wa mito, na Frankland akawa mmoja wa wajumbe wake watatu. Kulikuwa na imani iliyoenea sana, ikitetewa hata na wataalamu wenye vyeo, kwamba maji yanayokwenda hujisafisha. Mkubwa mmoja wa afya wa London, Henry Letheby, alishikilia kuwa maji ya choo yakichanganywa na maji ya mto mara 20 zaidi, yakatembea maili kumi na mbili hivi, uchafu wote unakuwa umekwisha. Imani hiyo ilikuwa tamu kwa kila mji na kila kiwanda. Mwaga, mto utamaliza. Na mimi nakiri, kwetu Buyenzi nimewasikia watu wazima wakisema maneno ya jamii hiyo hiyo kuhusu Ntahangwa.

Frankland hakubishana kwa maneno. Alichukua maji ya choo ya London, akayachanganya kidogo na maji safi yenye hewa, akayafunga ndani ya chupa, akaacha. Kisha kila baada ya muda alipima ni oksijeni kiasi gani imebaki. Oksijeni ilikuwa ikipungua siku baada ya siku, polepole, na hata baada ya siku kadhaa kazi haikuwa imekwisha. Hapo ndipo penye werevu wake: aliacha kuutazama uchafu wenyewe, akapima njaa yake. Uchafu unapooza hula oksijeni ya maji, na kiasi inacholiwa ndicho kinachokuambia uchafu ulikuwa mwingi kiasi gani.

Alipopiga hesabu ya mwendo wa mito, alifikia uamuzi uliowakera wengi: Uingereza nzima haina mto mrefu wa kutosha kumaliza maji ya choo kwa kutembea nayo tu. Uchafu unafika baharini au kwenye bomba la mji unaofuata kabla haujaisha.

Wapo waliompinga kwa miaka mingi, na katika jambo moja walikuwa na haki. Yeye alifikiri oksijeni inaunguza uchafu kama moto unavyounguza kuni. Baadaye ilijulikana kuwa wanaofanya kazi ile ni vijidudu hai. Wafaransa Schloesing na Müntz walionyesha jambo hilo kwa udongo mwaka 1877. Mito kweli hujisafisha, kwa msaada wa vijidudu hao, ikipewa muda na hewa. Lakini chupa zake hazikudanganya. Muda unaohitajika ni mrefu kuliko mto ulivyo.

Tena hakuishia kulaumu. Katika maabara alijaza udongo wa aina mbalimbali ndani ya mitungi mirefu ya kioo, akamimina maji ya choo juu yake. Alipomimina mfululizo, udongo ulizibana na maji yakatoka yananuka. Alipomimina kwa vipindi, akaacha udongo upumzike na hewa iingie, maji yalitoka safi. Mwaka 1871 mji wa Merthyr Tydfil, Wales, ulianza kutumia njia hiyo kwenye mashamba yake. Mwaka 1876 bunge lilipitisha sheria ya kuzuia uchafuzi wa mito, ingawa wenye viwanda walijiachia matundu mengi ya kupenya humo.

Frankland hakuwa malaika. Alikuwa mgomvi katika mambo ya kazi, na alijipatia fedha nyingi kwa kupimia watu binafsi na makampuni. Mke wake wa kwanza, Sophie, Mjerumani aliyemwoa mwaka 1851, alifariki mwaka 1874, mwaka ambao tume ilitoa ripoti yake ya mwisho. Alioa tena. Mwanawe Percy alifuata nyayo zake, akawa mtaalamu wa vijidudu vya maji, yaani akaendelea pale macho ya baba yalipogota. Mwaka 1897 mtoto wa mtumishi alipewa cheo cha Sir. Alifariki Agosti 1899 akiwa mapumzikoni Norway.

Nilikwambia juu ya Winkler. Lajos Winkler alikuwa Mhungaria, alizaliwa mwaka 1863, na mwaka 1888, akiwa bado kijana, alitangaza njia ya kupima oksijeni ya majini kwa chumvi ya manganizi na iodini. Hiyo ndiyo dawa ya kahawia na nyeupe niliyoiona Ntahangwa. Ukitia asidi, mashapo ya kahawia huyeyuka na kuwa rangi ya chai. Kisha unadondosha dawa nyingine tone kwa tone, na kwa msaada wa wanga kidogo unaona buluu, halafu ghafla maji yanakuwa meupe kabisa. Unahesabu matone, unapata oksijeni. Haihitaji umeme. Siku za mgawo wa umeme hapa mjini jambo hilo si dogo.

Waingereza waliunganisha swali la Frankland na kipimo. Tume nyingine, iliyoanza kazi mwaka 1898, ilitoa mwaka 1912 kiwango kinachotajwa hadi leo: maji yanayotoka kwenye mtambo wa kusafishia yasile zaidi ya miligramu 20 za oksijeni kwa lita katika muda wa siku 5, mradi mto unaoyapokea una maji safi mara 8 zaidi. Kwa nini siku 5? Inasemekana ni kwa sababu mito ya Uingereza haichukui zaidi ya hapo kufika baharini. Ukiona kwenye karatasi za ofisi zetu herufi DBO na namba 5 pembeni yake, ndiyo hiyo. Mito ya Uingereza imeingia kwenye makaratasi ya Burundi bila kuomba viza.

Na hapa ndipo ninapotaka wewe unayevuka Gatumba kwenda Uvira, au unayepanda basi la Rumonge alfajiri kufuata ndagala, uniazime sikio. Maji ya baridi hubeba hewa nyingi, ya moto hubeba kidogo. Maji ya nyuzi 10, kama ya mito ya Uingereza siku nyingi za mwaka, hubeba miligramu 11 hivi za oksijeni kwa lita. Maji yetu ya nyuzi 26, kwenye mji ulio karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, hubeba kiasi cha 7 na nusu tu. Chukua lita moja ya maji ya choo yenye njaa ya miligramu 300, kiasi cha kawaida kabisa kwa maji ya majumbani. Kule itamaliza hewa yote ya lita 27 za mto. Hapa itamaliza ya lita 40. Na kwa kuwa joto huharakisha kuoza, hapa itaimaliza upesi zaidi.

Halafu hatuna siku 5. Ntahangwa, Muha na Kanyosha hushuka kutoka milimani na kupita mjini kwa muda wa saa chache tu, na mwisho wake si bahari. Ni ziwa Tanganyika, ziwa tunalonywa. Mabomba ya mji huvuta maji humo humo. Mlango wake pekee wa kutokea ni mto Lukuga kule Kalemie, na tone la maji likiingia hukaa mamia ya miaka kabla ya kutoka. Ziwa lina kina cha mita 1,470, lakini oksijeni iko sehemu ya juu tu, mita 100 hadi 200 hivi kwa kutegemea mahali. Chini ya hapo hakuna samaki. Wavuvi wa Kajaga wanaomkosa mukeke hawahitaji kuambiwa kuwa tabaka la uhai ni jembamba.

Tena tabaka hilo linapungua hata bila vinyesi vyetu. Mwaka 2016 watafiti walioongozwa na Andrew Cohen, Mmarekani, walieleza kuwa katika maeneo waliyochunguza, sakafu ya ziwa yenye oksijeni imepungua kwa asilimia 38 tangu miaka ya 1940, kwa sababu ya joto linalozuia maji ya juu na ya chini kuchanganyika. Huo si uchafu wa Bujumbura. Lakini mgonjwa wa pumu hafukizwi moshi.

Mabwawa ya kusafishia maji machafu yapo Buterere, na yanafanya kazi ile ile ambayo Frankland aliiona kwenye mitungi yake: kuyapa maji muda na hewa. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya mji haikuunganishwa nayo. Nyumba nyingi zina choo cha shimo, na mifereji mingi huenda moja kwa moja mtoni. Ziwa lilipopanda kuanzia mwaka 2020, Gatumba na mitaa ya ufukweni iliingia maji, na mashimo hayo yakafurika. Januari 2023 serikali ilitangaza kipindupindu Bujumbura. Mtoto wa dada yangu alilazwa siku nne, akapona. Jirani zetu wawili walimzika wao.

Nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini mkataba wa kulilinda mwaka 2003 kule Dar es Salaam, na makao ya mamlaka yake yako hapa hapa mjini. Mimi huwa najiuliza ni wafanyabiashara wangapi wa samaki wanaojua hilo. Ninyi ndio mnaojua bei ya ndagala ilikuwaje Rumonge mwaka jana na iko vipi Uvira leo. Kama kuna watu wanaostahili kuuliza matokeo ya chupa, ni ninyi, na matokeo hayo huulizwa kwa maneno rahisi: oksijeni ni ngapi mto unapoingia mjini, na ni ngapi unapotoka?

Yule mzee mwenye koti alistaafu miaka mingi iliyopita. Alinipa chupa moja yenye ufa mdogo shingoni, isiyofaa tena kwa kazi. Mwaka jana nilimpeleka mpwa wangu, yule aliyelazwa, kumwonyesha ngazi za mawe tulizokuwa tukishuka kuchota maji karibu na mdomo wa mto. Hatukuziona. Kijana mmoja aliyekuwa akiosha pikipiki alituonyesha kwa kidole mahali zilipokuwa, chini ya maji, kisha akachota ndoo nyingine akaendelea na kazi yake.